Bingwa wa F3 2020 alishinda mara mbili tu: je, Piastri alibahatika?

SWALI LA MSOMAJI: Nimekuwa nikipitia matokeo ya zamani ya Formula 3 ili nielewe madereva wa sasa wa langalanga walikotokea. Msimu wa 2020 umenichanganya. Oscar Piastri alishinda mara mbili kati ya mashindano 18, hakuwahi kuongoza mchujo (kipindi cha kusaka mzunguko wa kasi kinachopanga nafasi za kuanzia) hata mara moja, na bado akawa bingwa. Liam Lawson na Frederik Vesti walishinda mara tatu kila mmoja wakaishia nyuma yake. Tena siku ya mwisho mpinzani wake mkubwa, Logan Sargeant, alitolewa na ajali mzunguko wa kwanza. Hiyo si bahati tu? Na kama F3 ndiyo ngazi ya kupandia F1, mbona Théo Pourchaire, aliyeshika nafasi ya pili, hajapata kiti?

JIBU: Ndugu yangu, bahati ilikuwepo, siwezi kukukatalia. Ila ukiitafuta kwenye ile ajali pekee utakosa mambo mengi, kwa sababu ubingwa ule ulijengwa na hesabu ya alama kabla hata magari hayajafika Mugello, duru ya mwisho.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mwaka 2020 kila wikendi ya F3 ilikuwa na mashindano mawili. Ya Jumamosi yalilipa alama 25 kwa mshindi, 18 kwa wa pili, 15 kwa wa tatu, kisha 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1. Ya Jumapili yalilipa 15 kwa mshindi, halafu 12, 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2 na 1. Aliyeongoza mchujo wa Ijumaa alipewa alama 4, na mzunguko wa kasi zaidi katika kila shindano ulikuwa na alama 2. Zingatia hapo: ushindi wa Jumapili ulikuwa na thamani sawa kabisa na nafasi ya tatu ya Jumamosi. Kwa hiyo ukihesabu vikombe bila kuuliza vilitwaliwa siku gani, utapotea. Lawson alishinda Jumapili ya kwanza pale Red Bull Ring na Jumapili ya mwisho pale Mugello. Ushindi ni ushindi, lakini hizo mbili kwa pamoja zinampa alama 30, wakati Piastri aliposhinda Jumamosi yake ya kwanza kabisa katika F3, huko huko Red Bull Ring, alibeba 25 kwa mkupuo mmoja.

Sasa jumlisha. Wikendi moja ikienda bila dosari, dereva angeweza kuvuna alama 48. Wikendi zilikuwa tisa, maana yake alama 432 zilikuwa mezani. Piastri alimaliza na 164. Yaani bingwa alichukua chini ya asilimia 40 ya kilichokuwepo, wastani wa alama 18 hivi kwa wikendi. Linganisha na mwaka mmoja nyuma, 2019, ambapo Robert Shwartzman alikuwa bingwa kwa alama 212 katika wikendi nane tu. Msimu wa 2020 haukuwa na mbabe. Ushindi uligawanywa huku na huku na hakuna aliyevuka mitatu. Katika msimu wa namna hiyo, taji halimfuati mwenye siku nzuri nyingi. Linamfuata ambaye siku zake mbaya hazikuwa mbaya sana.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuisoma F3. Magari yote yanatengenezwa na Dallara, injini zote ni za Mecachrome, V6 ya lita 3.4 yenye nguvu farasi zipatazo 380, na matairi yote ni ya Pirelli. Timu kumi, magari matatu kwa kila timu, jumla 30. Timu haiwezi kubuni bawa lake wala kununua injini kali zaidi. Kinachobaki ni mafundi, mipangilio ya gari na dereva. Ndiyo maana kwenye mchujo unaweza kukuta magari zaidi ya 15 yamebanana ndani ya sekunde moja. Ukichelewa kupasha moto tairi za mbele, au ukimkuta mtu anajikokota kwenye kona unapotaka kuanza mzunguko wako, umetoka nafasi ya tatu hadi ya kumi na sita. Na mchujo ni wa dakika 30 tu, baada ya mazoezi ya dakika 45. Katika F1 dereva ana data na muda wa kujirekebisha. Hawa vijana hawana.

Halafu ongeza ratiba ya mwaka ule. Kwa sababu ya korona, msimu ulianza mwanzoni mwa Julai na ukaisha Septemba 13. Duru tisa ndani ya wikendi 11: Red Bull Ring mara mbili mfululizo, Hungaroring, Silverstone mara mbili, Barcelona, Spa, Monza, Mugello. Dereva aliyepoteza mwelekeo hakuwa na wiki tatu za kukaa na mhandisi wake kuchambua kilichoharibika. Ijumaa nyingine ilikuwa imeshafika.

Hili la kutoanza mbele hata mara moja ndilo linalokukera zaidi, nami nadhani lina uzito. Piastri hakuwa mkali wa mchujo mwaka ule. Sargeant, aliyekuwa naye timu moja ya Prema, alimzidi kwa kasi ya mzunguko mmoja mara kadhaa. Kwa kukosa zile alama 4 za Ijumaa katika duru zote tisa, Piastri aliacha mezani alama 36 zilizowezekana. Alizifidiaje? Kwa mfumo wa kupindua gridi, yaani mpangilio wa kuanzia mbio.

Kwa kanuni za 2020, kumi bora wa Jumamosi walipinduliwa Jumapili. Mshindi alianza wa kumi, wa pili alianza wa tisa, na kuendelea hivyo, mpaka aliyemaliza wa kumi akaanza mbele kabisa. Waliomaliza kuanzia 11 kwenda nyuma walibaki palepale. Dereva anayeanza Jumamosi wa tano au wa sita akamaliza wa nne, anaanza Jumapili wa saba, na kama anajua kupita magari bila kuvunja bawa la mbele, anavuna siku zote mbili. Hapo ndipo Piastri alipokuwa hodari: kupanda, kusubiri, kuhifadhi tairi za nyuma, kupita kwa usafi. Ukifuata gari lingine kwa karibu mno, hewa iliyovurugwa inapunguza mkandamizo wa gari lako, tairi zinateleza, zinapata joto kupita kiasi, na mizunguko mitano ya mwisho unakuwa chakula cha walio nyuma. Kijana wa F3 anayejua kukaa nyuma kidogo mpaka muda wake ufike ni adimu kuliko kijana wa F3 mwenye kasi. Wenye kasi wamejaa.

Mfumo huo huo una mtego mmoja mbaya, nao ulimnasa Piastri mwenyewe wikendi ya mwisho.

Twende Mugello. Wakati magari yanapakuliwa, Piastri alikuwa anaongoza kwa alama 160, Sargeant 152, Pourchaire 136. Jumamosi Piastri alimaliza wa 11. Hiyo ndiyo nafasi ya balaa katika kanuni zile: wa kumi anapata alama moja na kesho yake anaanza wa kwanza, wa 11 hapati kitu na kesho yake anaanza wa 11. Tofauti ni gari moja. Sargeant alimaliza wa sita, akachukua alama 8, wakawa sawa 160 kwa 160. Pourchaire alimaliza wa tatu, akafika 151. Gridi ya Jumapili ikapangika hivi: Sargeant wa tano, Pourchaire wa nane, Piastri wa 11. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeweka dau kwa Sargeant.

Mzunguko wa kwanza, Sargeant na Lirim Zendeli wa Trident wakagusana, na ubingwa wa Mmarekani huyo ukaishia kwenye changarawe. Hapo msomaji unasema: bahati. Sawa. Lakini angalia kilichobaki cha kufanya. Pourchaire alikuwa anapanda. Kutoka nafasi ya nane alifika ya tatu, akavuna alama 10, akafika 161. Maana yake Piastri hakuweza kujikokotea tu hadi mwisho. Angemaliza nje ya kumi bora, angebaki na 160 na taji lingekwenda kwa Mfaransa huyo. Angemaliza wa kumi, wangefungana 161 kwa 161, na mambo yangehamia kuhesabu nani ana matokeo bora zaidi. Alihitaji kutoka 11 hadi angalau wa tisa, akijua mpinzani mmoja keshatolewa na ajali na mwingine anapanda mbele yake, huku amezungukwa na vijana wasio na cha kupoteza kwenye shindano la mwisho la mwaka. Alimaliza wa saba. Alama 4. Jumla 164, Pourchaire 161, Sargeant 160. Lawson akashinda shindano lenyewe, na siku hiyo karibu hakuna aliyemtazama, maskini.

Kwa hiyo jibu langu kwa sehemu ya kwanza: ile ajali ilimwondoa mtu aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko Piastri asubuhi ile. Hilo ni kweli. Ila ajali yenyewe haikumpa Piastri alama hata moja. Zile 160 alikuja nazo Jumamosi asubuhi, na zile nne alizitafuta mwenyewe akitokea gridi ya 11. Sargeant naye, pamoja na kasi yake yote ya Ijumaa, alifika shindano la 18 akiwa hana akiba. Dereva mwenye kasi ile, katika gari lile lile la Prema, hakupaswa kuwa amefungana na mtu siku ya mwisho.

Kama bado unaona ni ajabu bingwa kushinda mara mbili, tazama yaliyofuata. Mwaka 2023 Gabriel Bortoleto, Mbrazil wa timu ya Trident, alitwaa taji la F3 akiwa ameshinda mara mbili tu, zote katika duru mbili za mwanzo, Sakhir na Melbourne. Kisha akakusanya taratibu mpaka ubingwa ukawa wake pale Monza kabla hata mashindano ya wikendi hiyo hayajaanza. Mwaka 2024 ikawa kali zaidi. Leonardo Fornaroli, Mwitaliano, naye wa Trident, alikuwa bingwa bila kushinda hata shindano moja! Aliamua mambo kwenye kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho pale Monza kwa kumpita Christian Mansell na kuchukua nafasi ya tatu. Watu walimcheka. Mwaka uliofuata akapanda F2, ngazi iliyo kati ya F3 na F1, akashinda, akawa bingwa huko pia katika msimu wake wa kwanza. Bortoleto alifanya hivyo hivyo 2024. Na Piastri alifanya hivyo 2021, tena kwa namna inayofurahisha: yule ambaye hakuwa na mchujo hata mmoja wa kujivunia katika F3 aliongoza michujo mitano mfululizo katika F2, kuanzia Silverstone hadi Abu Dhabi. Mnyonge wa Ijumaa alikuwa amejifunza Ijumaa.

Hapo napenda kusisitiza kidogo, kwa sababu ndiyo tofauti kati ya anayetazama jedwali na anayetafuta dereva. Watu wa timu za F1 wanaofuatilia vijana hawaanzi na jumla ya alama. Wanaanza na mwenza wa timu. Gari la Prema la 2020 lilikuwa bora. Timu ilitwaa taji lake bila jasho, na madereva wake watatu walimaliza wa kwanza, wa tatu na wa nne. Hivyo swali linakuwa: Piastri alifanya nini ambacho Sargeant na Vesti, wenye gari hilo hilo na wahandisi chini ya paa hilo hilo, hawakufanya? Tena Piastri alikuwa mgeni. Sargeant alikuwa na msimu mzima wa F3 nyuma yake, ingawa Vesti naye alikuwa mgeni. Piastri alikuwa ametoka Formula Renault Eurocup, aliyoitwaa 2019. Kisha wanaangalia anavyobadilika kutoka duru ya kwanza hadi ya mwisho, anavyosema redioni gari linapomsumbua, na anavyofanya pale alipoharibu mchujo. Jedwali linakuja baadaye, mara nyingi kwa ajili ya leseni tu.

Leseni yenyewe ni hii: ili kuendesha F1 unahitaji leseni ya juu ya FIA, shirikisho la dunia linalosimamia mbio za magari, na sharti moja ni kukusanya alama 40 za leseni ndani ya misimu mitatu. Bingwa wa F3 anapata 30, wa pili 25, wa tatu 20. Watatu bora wa F2 wanapata 40 kila mmoja. Utaona kwamba kati ya Piastri na Sargeant, pamoja na tamthilia yote ile ya Mugello, FIA iliona tofauti ya alama kumi za leseni.

Ndipo tunafika kwa Pourchaire, na hapa sina habari njema kwako kama ulikuwa shabiki wake. Alikuwa na umri wa miaka 16 msimu ulipoanza, akatimiza 17 mwezi Agosti, na akakosa taji kwa alama tatu. Mwaka 2021 akashinda F2 pale Monaco akiwa bado na miaka 17. Mwaka 2022 alikuwa wa pili nyuma ya Felipe Drugovich, na 2023 akawa bingwa wa F2, akimwacha wa pili nani? Vesti, yule yule wa Prema ya 2020. Alikuwa kijana aliyelelewa na Sauber, timu ya F1, leseni alikuwa nayo, taji alikuwa nalo. Sauber ikabaki na Valtteri Bottas na Zhou Guanyu kwa 2024. Ilipofika 2025 wakabadilisha wote wawili, wakamchukua Nico Hülkenberg na Bortoleto. Pourchaire alikuwa ameshaonekana kama habari ya jana. Drugovich naye, bingwa wa 2022, hakuanza mbio za F1.

Sababu haina mafumbo. Hadi 2025 F1 ilikuwa na timu kumi, viti 20, na madereva wengi wana mikataba ya miaka. Kuna mwaka viti vinavyofunguka havizidi kimoja au viwili. Kijana akiwa bingwa katika mwaka mbaya, hana pa kwenda, na kanuni ya F2 haimruhusu bingwa kurudi kutetea taji, kwa hiyo anakaa kando. Piastri mwenyewe, aliyetwaa F3 na F2 miaka miwili mfululizo, alikaa msimu mzima wa 2022 akiwa dereva wa akiba wa Alpine kabla hajaingia McLaren 2023. Kama yeye alisubiri, mwingine asiulize sana.

Na pesa. Sitakaa sana hapo kwa sababu unajua hadithi yake: msimu mmoja wa F3 unagharimu kiasi kinachokaribia au kupita euro milioni moja, na F2 ni zaidi ya hapo. Sargeant, baada ya kukosa taji kwa alama nne, hakupanda F2. Alirudi F3 mwaka wa tatu, 2021, katika timu ndogo ya Charouz, kwa sababu bajeti haikutosha. Wengi tulidhani amekwisha. Williams wakamchukua kwenye programu yao ya vijana, akamaliza wa nne F2 mwaka 2022, na 2023 akawa dereva wa F1 kabla ya Pourchaire aliyemzidi katika jedwali la 2020. Safari yake ya F1 iliishia katikati ya 2024, lakini alifika.

Mfano wa mwisho, kwa kuwa umesema unapitia matokeo ya zamani. Shuka chini kabisa kwenye jedwali lile la 2020, pita kumi bora, pita ishirini bora. Utamkuta Jack Doohan akiwa na alama sifuri. Msimu mzima, hakuna hata moja. Mwaka 2021 alihamia Trident, akawa wa pili katika F3, na mwisho wa 2024 alianza mbio zake za kwanza za F1 pale Abu Dhabi akiwa na Alpine.

Ukiendelea na utafiti wako, zingatia kwamba kanuni zimebadilika tangu hapo, usije ukalinganisha alama za miaka tofauti moja kwa moja. Shindano kubwa lilihamia Jumapili mwaka 2021, na mpangilio wa sasa ulianza 2022. La Jumamosi ndilo lenye gridi iliyopinduliwa, tena linapinduliwa kwa matokeo ya mchujo, na wanaopinduliwa ni 12. Ushindi wake unalipa alama 10 tu, na kuongoza mchujo kunalipa 2 badala ya 4. Ule mtego wa kumaliza wa 11 Jumamosi haupo tena. Uliopo sasa ni wa kuwa wa 13 siku ya Ijumaa.